Canter Inatetemeka na Kuzima Ikiwa Sailensi: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kufungua Pampu

Swali hili halikauki. "Fundi, Canter yangu barabarani inavuta vizuri, ila nikifika kwenye foleni nikatoa mguu kwenye mafuta inatetemeka mpaka vioo vinagonga, halafu inazima. Nimeambiwa ni pampu. Nifanyeje?" Jibu langu ni lilelile: usifungue pampu. Bado. Kwenye malori ya zamani ya dizeli, kinachokosekana mara nyingi ni dizeli safi isiyo na upepo ndani yake, na hilo unaweza kulithibitisha mwenyewe uani kwako kwa dumu na kipande cha mpira.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya Mitsubishi Canter zenye injini za 4D31, 4D32 na 4D33, zile ambazo pampu yake imelala ubavuni mwa injini na mabomba manne ya chuma yanatoka juu yake kwenda kwenye nozeli, yaani vipulizia dizeli ndani ya silinda. Mwenye Isuzu NPR au Toyota Dyna ya umri huo ataufuata pia. Vitu ni vilevile, vimekaa mahali tofauti tu. Mwenye gari jipya la komoni reli, yaani lile ambalo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la pamoja lenye presha kubwa, asiufuate, hasa hatua ya 8. Presha iliyomo kwenye mabomba yale si ya kuchezea.

Nadharia ni fupi. Injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, pampu inapeleka tone dogo sana la dizeli kwa kila silinda. Povu moja la upepo likiingia, au nozeli moja ikimwaga badala ya kupuliza, silinda hiyo inamisi, yaani inakosa kuwaka kwa zamu yake, na injini nzima inatikisika. Ukikanyaga mafuta, dizeli inakuwa nyingi na mwendo unaficha kasoro. Ndiyo maana dereva anasema "barabarani haina shida".

Vitu vya kuwa navyo

- Spana za 10, 12, 14, 17 na 19. Ya 17 ndiyo itakayofanya kazi kubwa kwenye nati za mabomba ya nozeli.
- Bisibisi bapa na fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo).
- Mpira angavu unaoonyesha ndani, unaovumilia dizeli, mita mbili hivi, pamoja na klipu zake.
- Dumu safi la lita tano na dizeli unayoiamini.
- Chupa ya kioo au ya plastiki angavu.
- Filta mpya ya dizeli na washa mpya za kopa za ukubwa mbalimbali. Usinunue filta tu ukasahau washa.
- Matambara safi. Si pamba, kwa sababu nyuzi zake huingia kwenye mabomba.

Egesha pahali tambarare, vuta hendi breki, weka mawe au kabari kwenye magurudumu, gia iwe huru. Ukiinua kichwa cha gari, hakikisha mkono wa kushikilia umejifunga kabla ya kuingiza mwili wako chini yake. Na jambo moja la kushika tangu sasa: dizeli inayotoka kwenye ncha ya nozeli hupenya ngozi. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, haliumi sana mwanzoni, na linaweza kukugharimu kidole au mkono mzima. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie ni dizeli yenye presha.

Hatua kwa hatua

1. Uliza maswali kabla ya kushika kitu. Tatizo lilianza lini? Baada ya kubadilisha filta? Baada ya kujaza mafuta mahali pageni? Linatokea asubuhi tu, au injini ikishapata moto? Moshi una rangi gani? Kama gari halina dereva mmoja, waulize wote. Kwa wengi, jibu limo humo. Lori lililoanza kuzima siku ileile filta ilipobadilishwa lina upepo mpaka ithibitike vinginevyo.

2. Anza na tenki. Fungua kifuniko cha tenki injini ikiwa inawaka na inasumbua. Ukisikia tenki linavuta pumzi, na baada ya dakika chache injini ikatulia, tundu la hewa la kifuniko limeziba; lisafishe na kazi imeisha. Kama sivyo, fungua koki ya chini ya tenki au ya kikombe cha kutenganisha maji na ukinge dizeli kwenye chupa. Iache itulie robo saa. Maji hukaa chini, uchafu huonekana kama unga mweusi au kutu. Isugue kidogo kati ya vidole: dizeli hubaki na utelezi, ya kuchanganywa na mafuta ya taa hukauka upesi. Vinasaba ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuviweka kwenye mafuta mwaka 2010 vilikuja kupambana na uchakachuaji, lakini havitakulinda ukinunua kwenye madumu ya njiani. Mafuta ya taa hayaisumbui sailensi peke yake. Hayalainishi pampu ipasavyo, na pampu ikishalika hakuna spana itakayoirudisha.

3. Kipimo cha dumu. Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka. Zima injini. Tafuta fidi pampu, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, yenye kitasa cha kupampu kwa mkono. Chomoa bomba linaloleta dizeli kutoka kwenye tenki na uzibe mdomo wake. Mahali pake funga mpira angavu, na mwisho wa pili uutumbukize kwenye dumu lenye dizeli safi. Dumu lining'inie juu ya usawa wa pampu, mbali na ekzosi na feni. Pampu kwa mkono mpaka upepo wote uishe, kisha washa.

   Iache iwake sailensi kwa dakika kumi huku ukitazama mpira. Injini ikitulia, ugonjwa uko kati ya tenki na fidi pampu: mabomba, mipira, maungio au kichotea mafuta ndani ya tenki. Huna sababu ya kugusa nozeli wala pampu. Nenda hatua ya 4. Ikiendelea kutetemeka vilevile na mpira hauna povu, tatizo liko mbele. Ruka hadi hatua ya 5.

   Onyo: dumu lisiwe na dizeli kidogo. Ikiisha katikati ya kipimo utakuwa umejiletea upepo mpya.

4. Tafuta upepo unapoingilia. Hapa wengi hupotea kwa sababu wanatafuta pale panapovuja. Upande wa kuvuta, yaani kutoka tenki hadi fidi pampu, ufa hauvujishi dizeli injini ikiwa inawaka; unavuta hewa. Utakuta bomba kavu kabisa, la kupendeza, na ndilo lenye ugonjwa.

   Rudisha bomba la tenki, lakini weka kipande cha mpira angavu kati yake na fidi pampu. Washa na utazame. Povu dogo moja moja linaweza kupita mwanzoni. Mfululizo usiokatika ni upepo. Sasa rudi nyuma kuelekea tenki, ungio kwa ungio: tikisa mpira, kaza klipu, paka dizeli au grisi nzito juu ya ungio. Povu likikatika, umelipata. Kagua hasa mipira iliyopitia karibu na ekzosi, mabomba yaliyosuguana na chesisi, na muhuri wa kikombe cha maji.

   Kama lori linazima tenki likiwa nusu au likipanda mlima, na tenki likijaa linakwenda, shuku kichotea mafuta ndani ya tenki. Kikiwa na ufa katikati, dizeli ikishuka chini ya ufa huo kinavuta hewa. Wanaokwenda Ilula kuchukua nyanya hulijua tatizo hili vizuri: gari linatoka Dar es Salaam bila kelele, likifika kuupanda mlima Kitonga tenki limeshapungua, linaanza kumisi. Wanalaumu mlima.

   Usifunge maungio haya kwa tepu ya mabomba ya maji. Vipande vyake hukatika na kwenda kukaa ndani ya pampu. Washa ya kopa mpya inatosha.

5. Filta na chekecheo lililojificha. Badilisha filta ya dizeli. Kisha fungua boliti yenye tundu inayoingiza dizeli kwenye fidi pampu. Ndani yake kuna chekecheo dogo la waya. Wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa kama lipo, na kuna Canter zinazokwenda miaka bila mtu kulifungua. Lioshe kwa dizeli na brashi laini, rudisha na washa mpya pande zote mbili.

   Ukijaza filta mpya kwa mkono kabla ya kuifunga, tumia dizeli iliyochujwa na umimine kwenye matundu ya pembeni, si tundu la katikati. La katikati linakwenda pampu moja kwa moja bila kuchujwa.

6. Toa upepo kwa mpangilio. Legeza skurubu ya juu ya nyumba ya filta. Fungua kitasa cha fidi pampu kwa kukizungusha, kisha pampu. Mwanzoni itatoka povu nyeupe, baadaye dizeli tupu. Kaza skurubu huku mkono ukiendelea kupampu. Ukiacha kwanza, hewa inarudi. Fanya hivyohivyo kwenye skurubu ya pampu kubwa. Malizia kwa kukaza kitasa, maana kikiachwa wazi huvujisha na kuingiza hewa.

   Kama bado haiwaki, legeza nati mbili za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli ichuruzike, kisha kaza. Stata isizidi sekunde 15 kwa mkupuo, ipumzike dakika moja au zaidi. Kuna watu huchoma stata wakitafuta upepo.

7. Kagua mikono na waya. Injini ikiwa imezimwa, mtu mwingine awashe na kuzima swichi huku wewe ukitazama mkono wa kuzimia kwenye pampu. Canter nyingine zina waya wa kuvuta, nyingine zina mota ndogo ya umeme. Swichi ikiwa imewashwa, mkono lazima urudi kabisa mwisho wake. Ukibaki umevutwa kidogo, dizeli inabanwa na injini inazima pindi unapotoa mguu. Nimeona pampu zikifungwa bure kwa ajili ya mota iliyolegea boliti moja.

   Kisha angalia waya wa pedeli ya mafuta. Usiwe umekaza wala kukwama. Baada ya hapo tu ndipo upime sailensi. Injini hizi hukaa karibu mizunguko 650 hadi 700 kwa dakika zikiwa na moto. Namba ya gari lako ifuate ile ya kibandiko. Rekebisha kwa skurubu ya sailensi peke yake. Skurubu zenye waya na risasi ya fundi pampu usiziguse. Na usipandishe sailensi kuficha kumisi. Itanyamaza wiki moja, utamaliza dizeli, na ugonjwa utabaki palepale.

8. Kata silinda moja moja. Mafuta yakishathibitika safi na bila upepo, ndipo tunauliza silinda ipi haifanyi kazi. Injini iwe na moto na iwake sailensi. Funika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa tambara, ilegeze nusu mzunguko kwa spana ya 17. Dizeli itachuruzika na silinda hiyo itakatika. Sikiliza mlio unavyobadilika, kisha kaza. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne.

   Silinda nzima ikikatwa, injini inashuka na kutetemeka zaidi. Ukikata silinda na mlio usibadilike, hiyo ndiyo iliyokuwa imelala. Ikibadilika kidogo tu, ni dhaifu. Andika chaki kwenye kava, usitegemee kumbukumbu. Zote nne zikishuka sawasawa na bado injini inatetemeka, acha mafuta ukague mauntingi, yaani mipira inayoshikilia injini kwenye chesisi. Mpira ukishakatika, chuma kinagonga chuma na dereva anaapa kwamba gari linamisi.

   Usilegeze nati mbili kwa pamoja, na usiweke mkono au uso mbele ya nati. Dizeli ikidondokea ekzosi yenye moto, zima kwanza.

9. Hamisha nozeli. Tuseme silinda ya 3 imelala. Usinunue kitu. Toa nozeli ya 3 na ya 2, safisha vikalio vyake, zibadilishane kwa washa mpya za kopa, halafu rudia hatua ya 8. Ugonjwa ukihamia silinda ya 2, nozeli ndiyo mgonjwa. Ipeleke ikapimwe presha na upulizaji. Ugonjwa ukibaki silinda ya 3, nozeli haina hatia. Kilichobaki ni tapeti (nafasi ya valvu), komprésheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), au pampu kutopeleka dizeli ya kutosha kwenye bomba hilo.

   Ukirudisha nozeli juu ya washa ya zamani, moto utapenya pembeni. Utasikia "chuf, chuf" kila mzunguko na kuona weusi kuizunguka.

10. Hewa na ekzosi. Kagua filta ya hewa kwa kuitoa na kuwasha bila hiyo kwa muda mfupi, mahali pasipo na vumbi. Kisha tafuta breki ya ekzosi, ile yenye kipepeo ndani ya bomba, ambayo madereva huitumia kwenye miteremko mirefu. Masizi hukikwamisha kipepeo kikiwa kimefunga nusu. Injini inakabwa: moshi mweusi, nguvu hakuna, inazima ukitoa mguu. Mkono wa kipepeo lazima urudi wenyewe ukiachiwa.

11. Tapeti. Injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi kwa injini hizi ni milimita 0.40, ya kuingiza na ya kutoa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Zungusha krenki mpaka silinda ya 1 iwe juu na valvu zake zote mbili zimefunga. Pima za 1 zote, ya kuingiza ya 2 na ya kutoa ya 3. Zungusha mzunguko mmoja kamili, silinda ya 4 iwe juu. Pima za 4 zote, ya kutoa ya 2 na ya kuingiza ya 3. Tapeti iliyobana huacha valvu wazi kidogo, na silinda haishiki komprésheni sailensi. Tapeti yenye kelele ina heri kuliko iliyobana, kwa sababu ile ya pili huunguza valvu kimyakimya.

Ikikushinda: dalili na pa kurudi

*Inawaka asubuhi, inakwenda nusu dakika, inazima, halafu inasumbua kuwaka tena.* Dizeli imerudi kwenye tenki usiku. Kagua valvu ndogo za fidi pampu, kitasa chake, na maungio ya upande wa kuvuta. Jioni jaribu kuinua dumu kama hatua ya 3 na kuliacha hivyo usiku kucha. Asubuhi ikiwaka na kuendelea, umeshajua upande.

*Sailensi inapanda na kushuka yenyewe, haitulii.* Upepo kwanza. Kisha valvu ya marejesho kwenye pampu: springi ikilegea, presha ya dizeli ndani ya pampu haishiki. Hiyo ni boliti moja, bei ndogo, ibadilishe kabla ya kufikiria gavana, yaani kidhibiti cha mwendo kilichomo kwenye pampu. Kwa pampu zenye gavana ya upepo, kama za Toyota B zilizomo kwenye Dyna na Land Cruiser za zamani, kagua mpira unaotoka kwenye njia ya hewa kwenda gavana na kitambaa cha ndani. Mpira huo ukitoka, injini inaweza kupanda resi peke yake, kwa hiyo usiuchomoe injini ikiwa inawaka.

*Moshi mweupe na kumisi asubuhi, ikipata moto inatulia.* Gloo plagi (plagi za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha) au komprésheni. Kwa wakazi wa Njombe na Makambako anza na gloo plagi, baridi ya huko haina huruma. Ikiwa oili inapungua na kifuniko cha oili kinatoa pumzi nyingi injini ikiwaka, ni ringi za pistoni.

*Moshi mweupe hauishi hata ikiwa na moto, na maji ya rejeta yanapungua.* Acha kuwasha. Hiyo ni gasketi au silinda hedi.

*Moshi mweusi na mlio wa kugonga kama nyundo kwenye silinda moja.* Nozeli inamwaga. Usiendelee kuendesha, dizeli isiyopulizwa hutoboa pistoni.

*Inazima tu ukikanyaga breki.* Utashuku busta ya breki, ile ambayo vakamu pampu inanyonya hewa yake. Hilo haliizimi dizeli. Angalia badala yake kama dizeli inasogea mbele kwenye tenki na kuacha kichotea wazi, au waya wa mota ya kuzimia umeguswa na mtikisiko.

*Umefanya yote, silinda ileile bado imelala, tapeti ni sawa, nozeli ni nzima.* Sasa pima komprésheni. Ikiwa sawa na nyingine tatu, hapo ndipo pampu inatoka. Weka alama ya chaki au patasi kwenye flenji ya pampu na injini kabla ya kulegeza boliti, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na umwambie kwa jina ni silinda ipi. Akikuambia "tutabadilisha kila kitu" kabla hajaiweka kwenye mashine, beba pampu yako uende kwa mwingine.